Goti Nililomnyima Mtemi

Baba yangu,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini ndivyo ulivyonilea, na maneno niliyo nayo leo siwezi kuyaanza bila salamu.

Tumekuzika Jumanne. Padre alikusifu mpaka nikainamisha uso. Eti enzi za watemi wewe ndiye katekista pekee upande wote huu wa Kisesa uliyekataa kumpigia goti mtemi, kwa kuwa mfalme wako ni Kristo. Watu wakaitikia, "Amina!" Mama akanifinya mkono ninyamaze. Uchungu ulionishika pale haukuwa wa msiba, baba.

Nilikuwa darasa la nne. Kila Jumatano nilikaa nyuma ya darasa lako la ubatizo, wewe na chaki yako, ukitufundisha habari za Wakristo wa kwanza. Ulisema Masihi ni mpakwa mafuta, kama walivyopakwa wafalme wa Israeli. Watu walimtazamia mfalme wa kuwafukuza Warumi, naye walipotaka kumtawaza akakimbilia mlimani. Kisha akasulubiwa, na wafuasi wake wakazidi kumwita mfalme! Hawakuwa wakorofi, ulisema. Kodi walilipa, Kaisari walimwombea. Lakini walipoambiwa watupe ubani kidogo tu motoni mbele ya sanamu yake ndipo warudi nyumbani, walikataa, wakauawa.

Nikanyoosha mkono: "Na mtemi wetu je, mwalimu?" Darasani nilikuita mwalimu.

Ukasema, "Kristo ndiye mtemi wa watemi. Goti ni lake."

Nilikuamini. Kosa langu ni hilo tu.

Mtemi alipokuja kukagua mashamba ya pamba, watu wote walipiga magoti na kumpigia makofi, kama desturi. Mimi nikabaki nimesimama, nikikutafuta wewe kwa macho. Nilidhani utasimama pia. Kumbe ulikuwa umepiga goti mbele ya wote. Msaidizi wa mtemi akauliza, "Mtoto wa nani huyu? Nani kamfundisha?"

Ukanyanyuka, ukanizaba kofi. "Si mimi, mtukufu. Sijui upuuzi huu kautoa wapi."

Ungesema tu kwamba goti la salamu si ubani, ningekuelewa, ningepiga hapo hapo. Hata njiani kurudi ungeweza kuniambia. Hukusema neno, siku ile wala baadaye. Nafasi yangu ya shule ya kati, iliyopaswa kupitishwa na baraza la mtemi, akapewa mtoto mwingine. Ukanipandisha kivuko pale Kigongo, ukanipeleka Busisi kwa shangazi nikamsaidie kulima mihogo. Nikaolewa huko. Wewe ukabaki na darasa lako na nyumba yako ya misheni.

Uhuru ukaja, watemi wakaondolewa, na lile lililokuwa upuuzi likawa sifa. Nilikuja kuwasalimu, nikakukuta kibarazani na wageni. "Nyumba hii hatukumpigia goti mtu," ukawaambia. Hatukupiga! Loo, baba! Tulitazamana, nikasubiri unitaje jina. Ukapuliza uji wako, ukanywa.

Nilikupenda, na ndiyo maana inaniuma hivi. Si shule tu uliyoninyima. Nilisimama peke yangu kwa ajili ya maneno yako, nikiwa mtoto, ukanikana. Kisha ukachukua hata kule kusimama kwangu, kukawa kwako.

Jana padre kaniomba nishike darasa lako mpaka apatikane katekista mwingine, maana wanaojiandaa kubatizwa wameachwa katikati. Mama anasema nikubali, ila habari ya mtemi nisiiguse, marehemu apumzike. Nimekubali darasa. Hilo la pili nimemkatalia.

Nitawaeleza kuhusu yule mfalme asiye na askari, na waliomfuata wakijua watakufa, na wengine walioogopa wakatupa ubani. Nao walikuwa watu, baba, nitasema hivyo pia. Wakiniuliza kama nimewahi kumwona aliyekataa kupiga goti, nitawaambia ni mimi. Na wakiuliza nani aliyenifundisha, nitakutaja wewe kwa jina lako lote, maana ni kweli, na wewe siku ile ulishindwa kulisema.

Kwaheri, baba.

Binti yako,
Kabula