Tumu Amepanda Pembea

Shela,
Malindi.
14 Juni 1986

Mpendwa ndugu yangu Abdulghani,

Assalam aleikum. Idi njema, ingawa itakufikia imeshachacha. Wajionaje huko Maskati, na ule mgongo? Sisi alhamdulillahi, hata sukari ya mama imetulia.

Sasa kaa kitako nikupe furaha. Tumu, mtoto wa Kaltuma wangu, amesalimika! Kile kinundu cha puani ulichokiona kwenye picha kilikuwa saratani kweli. Wamekikata Mombasa, na majibu ya maabara yamesema kimetoka chote. Nilisujudu pale pale ukumbini, wauguzi wakanipitia pembeni.

Daktari Njoroge alinieleza hata mimi wa darasa la nne nikafahamu. Jua humdhuru kila mtu. Ndani ya chembe za mwili mna kitu kama uzi, wakiita DNA, chenye maagizo ya chembe iishi vipi. Jua likiuharibu, mna mafundi humo humo wa kukata palipoharibika na kuunga upya. Nikamwambia, "Kama mimi na kofia zangu. Nikikosea kitundu, nafumua, nashona tena."

Akacheka. "Hasa, mama! Sasa Tumu amezaliwa hana wa kufumua."

Makosa yakarundikana, chembe ikapoteza adabu, ikazaana ovyo, ndiyo saratani. Kumbe si jicho la mtu! Bi Mwanahawa jirani, tuliyemshuku jicho tukamnunia mwaka mzima, nimempelekea sahani ya mahamri. Alipokea, akauliza mbona hayana iliki.

Kinga ni kuwa jua lisimguse. Kaltuma alilia, "Basi nimfungie ndani kama kuku?" Nikachukua buibui langu la zamani nikamkatia lake dogo, na ushungi wa kufunika uso, na glavu, na ile miwani yako nyeusi.

Siku ya Idi, watoto uwanjani wakamwimbia, "Kizuka! Kizuka!" kana kwamba ni mjane aliye edani. Kaltuma akamshika mkono amrudishe nyumbani. Tumu akachopoka, akapanda pembea, akapiga kelele kutoka juu, "Mmeona wapi kizuka apanda pembea?" Uwanja mzima ulivunjika mbavu. Faki mwenye pembea akamsukuma zamu ya pili bure.

Na Idi pili, ndugu yangu, wakaja wasichana wanne na mabuibui ya mama zao yakiburura mchanga, wataka kufanana naye! Kaltuma alicheka mpaka akaketi chini.

Daktari asema mafundi wa ndani hatawapata, na ngozi tuikague kila mara. Haya, mafundi wake wa nje ni sisi. Jumatatu arudi madrasa.

Wifi na wanangu wote nisalimie. Mama na shemeji yako Omar wakusalimu sana. Mola akuzidishie afya na akurejeshe kwetu kwa heri. Ukipata mtu ajaye huku, mpe miwani nyingine ndogo zaidi. Hii humwanguka pembea ikipanda.

Dada yako asiyekusahau katika dua,
Mwanabibi