Kioo cha Msasa

Shoga, bado nacheka kwa hasira.

Ule mfano mdogo wa nyumba wa resini, ile plastiki ngumu ya kumimina, kuta nimeunga mimi. Nilisugua kila kipande juu ya msasa nilioutandaza kwenye kioo ili ukingo unyooke, mpaka kuta zikakutana bila ufa. Shemeji yangu kaunga paa, lina pengo unaingiza ukucha.

Mteja aliyeuagiza kaja. Shemeji bila haya: "Kuta ni zangu. Paa ni la huyu, hana mkono wa kazi."

Sina mkono wa kazi. Mimi.

Nikampa kipande na msasa. "Basi mwoneshe, shemeji." Akakishika mkononi, akasugua kama sufuria. Kingo zikaliwa pale pale.

Mteja akauliza, "Na hiki kioo ni cha nini?"

Shemeji: "Sijui, ni cha huyu."

Sasa shemeji anagonga mlango, anataka nimfundishe. Nimejifungia na kioo changu. Agonge tu, mwenye mkono wa kazi.