Baridi ya Mdogo Wangu

Mjukuu wangu Neema,

Huku Mafinga tupo, ila babu yako kifua hakijamwachia. Umeuliza kama kuna mwingine kwenye ukoo aliyekuwa na tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri kama yako.

Nadhani ni mdogo wangu, Tumaini. Shingo ilimvimba, mwili ukawa mzito, akasikia baridi hata juani. Tukilima pamoja, mstari wake ulibaki nyuma, nasi tukamwita mvivu. Asubuhi moja nilimkuta amejikunyata jikoni, nikauzima moto kwa maji ili aende shambani. Alikwenda, akalima akitetemeka.

Hadi tunamzika hakuwahi kupimwa. Wewe umepimwa, mama. Meza kidonge chako kila asubuhi kabla ya chai.

Mimi nikiwasha moto, bado namwachia nafasi.

Bibi yako