Saa Mbili za Kola

Mdogo wangu,

Huku hatujambo, cherehani imepata mkanda mpya. Lakini wewe umenichefua! Nimekaa laivu saa mbili nikifundisha kushona kola, nikakutumia video unikatie vipande vifupi vya mafunzo. Kola hukuiona? Umechukua sekunde ishirini tu, pale Mama anapoingia na kuniuliza, "Fundi, binti yangu yuko wapi?" Ukaziwekea na muziki wa kuchekesha, ukazirusha mtandaoni!

Ulidhani anatania. Sikukwambia anasahau, nisikutie simanzi ugenini. Watu laki mbili wamecheka. Jana Mama mwenyewe kaiona video hiyo kwenye simu yangu, akacheka mpaka machozi, kisha akauliza, "Bibi wa watu, hana watoto wa kumstiri?"

Ifute leo hii, kabla hajaniomba tena nimwonyeshe.

Dada yako, bado nimenuna.