Pumzi Iko Miguuni

Jumatatu, Juni 9

Nimepaka tarumbeta mafuta, nikapanda baiskeli, Dutwa hadi Bariadi. Studio ni chumba cha uani kwa Milembe, binti fundi wa kurekodi; kuta kaziziba kwa magunia ya pamba. Tunarekodi nyimbo nne za bendi yetu ya matarumbeta. Wenzangu wote wako udongoni, nimebaki mimi. Tatu zimeingia, kwa taabu. Ya nne aliitunga Sayi, rafiki yangu, tuliyemzika mwaka jana. Ina sauti moja ya juu, ndefu. Imenikatikia kila mara. Aibu tupu.

Jumatano, Juni 11

Imekatika tena. Mara tisa.

"Baba Masunga, simama tuli mbele ya maiki," anasema Milembe. Nimesimama kama nguzo ya umeme. Midomo imevimba. Kasema Ijumaa ikishindikana, sehemu yangu ataipiga kwa kinanda. Kinanda! Kwenye wimbo wa Sayi! Na mjane wake, Mayu Ngolo, kaniomba kitu kimoja tu: ausikie tena kabla hajafa. Nimeondoka bila kuaga. Hasira.

Alhamisi, Juni 12

Nimeswaga ng'ombe kwenda lamboni, nikipuliza njiani kujiliwaza. Sauti ikatoka. Nzima! Nikasimama niirudie, ikakatika. Nikatembea, ikatoka. Lo! Miaka yote hiyo ya kusindikiza maharusi na maiti barabarani, lini nilipuliza nimesimama? Mjinga mimi. Pumzi yangu iko miguuni.

Ijumaa, Juni 13

Milembe kacheka kwanza. Kisha kaifunga maiki kwenye tarumbeta kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, kafukuza kuku, kafunga geti. Nimevua viatu visisikike. Nikauzunguka ua nikipuliza, machozi yananitoka, ya Sayi, ya wote. Nilipofika kwenye sauti ile sikuiogopa. Ikapanda. Ikakaa. Ikakaa! Milembe kangoja hadi nimemaliza, ndipo akapiga vigelegele, akanishukuru kwa Kisukuma.

"Wabeja, baba! Wabeja sana!"

Mara moja tu, hatukurudia. Kinanda akapigie wengine. Nimeshinda! Naandika tena: nimeshinda.

Jumapili, Juni 15

Baada ya ibada nimepita kwa Mayu Ngolo. Alikuwa anachambua pamba kivulini. Kausikiliza wimbo kwenye simu yangu hadi mwisho. Kafuta uso kwa kanga, akanirudishia simu. Kabla sijaitia mfukoni akanyoosha mkono tena. Akauanzisha upya, akainuka, akacheza taratibu, peke yake, macho kafumba.

Nimemwachia simu. Nitaifuata kesho.