Kunguru wa Mianzi

Gonja, Jumanne, Machi 1976

Nimerudi kutoka msaragambo, kazi yetu ya pamoja, mikono inawaka moto kwa kuvunja mawe ya barabara ya kijiji, nakuta kuku anaatamia ndani ya kunguru wangu wa mianzi! Nilifoka mpaka majirani wakachungulia.

Kunguru huyo nilisukiwa na Chen, fundi baruti wa Kichina niliyelipua naye miamba ya reli kule Mlimba. Zamani kwao kunguru kama huyu walimjaza baruti, wakamwasha mkia, akaruka ukuta kuchoma kambi ya adui.

"Wewe usimjaze," alinitania tulipoagana. Barua zangu hajajibu hata moja.

"Baba Naomi, ana mayai tisa," mke wangu akasema. "Nimtoe?"

Nikaingiza mkono mahali pa baruti. Pana joto.

Nikamwambia amwache. Chen angecheka sana.