Sanduku la Feni Liliponyamaza

Kaka yangu Masanja,

Wiki ya sita hii. Mwenye duara, yule bosi wa shimo lenu, amenitumia karatasi nisaini, eti king'ora kililia na wewe ukakaidi kupanda. Nimeisoma mara mbili. King'ora hakikulia, kaka, na anayejua kwa nini ni mimi.

Unakumbuka tulivyofunga yale masanduku matatu pale Segese: moja kwenye pampu ya maji, moja kwenye feni ya kushusha hewa shimoni, moja kwenye winchi ya kupandishia mawe na watu. Kila moja na programu yake niliyoiandika mwenyewe, yanapeana habari kila sekunde. Wenzako wakanicheka, "Fundi simu wa Kagongwa anataka kutuchimbia na kompyuta." Ukawajibu, "Nyie hata vocha mnakwanguliwa na watoto."

Kanuni kubwa ulinipa wewe. "Ukiita shimoni usijibiwe, usiite mara ya pili. Vuta watu." Nikaiandika hivyo hivyo: sanduku lolote likinyamaza sekunde tano, king'ora kilie, winchi iache mawe ipandishe watu.

Ila umeme wa kule unaujua. Ukicheza kidogo tu sanduku linanyamaza, kazi inasimama. Siku moja ilisimama mara tisa. Bosi akaniandikia kwenye simu, "Mama Neema, programu yako ina woga. Itoe woga, au toa masanduku yako." Nikabadilisha mstari mmoja: sanduku likinyamaza, shika habari yake ya mwisho, kazi iendelee. Sikukwambia. Nilijua ungekataa.

Siku ile umeme wa feni ulikatika, sanduku lake likazimika nalo. Habari yake ya mwisho ilikuwa "hewa ipo". Winchi ikaiamini dakika kumi na tisa, saa nne asubuhi, watu juu wakipakia mawe. Waliokufuata walikukuta umekaa, umeegemea ukuta.

Yeye aliamuru. Mimi niliandika.

Sisaini. Kumbukumbu za masanduku ninazo, hadi sekunde, na ujumbe wake pia. Kesho nazipeleka kwa mkaguzi wa migodi, na jina langu liko kwenye ule mstari, sijalifuta.

Mama bado anawaambia watu ubishi wako ndio uliokuua, maana ndivyo alivyoambiwa. Leo nakwenda Tinde kumweleza, asije akasikia kwa wengine. Neema namwacha kwa jirani. Sitaki amwone bibi yake akinifukuza.

Pumzika, kaka.

Mdogo wako,
Mama Neema